Jinsi ya Kutafuta Nyumba Walizoishi Waigizaji wa Filamu Bubu: Mwongozo Kamili

Mwaka 1926 Buster Keaton alihamia katika jumba lake jipya la mtindo wa Kiitalia huko Beverly Hills, California, na anwani ya jumba hilo ilikuwa Hartford Way. Jumba lipo hadi leo, lakini anayelitafuta kwa anwani ile ya zamani hafiki, kwa sababu uwanja mkubwa uliolizunguka ulikatwa viwanja vidogo na jumba lenyewe likapewa nambari ya Pamela Drive. Harold Lloyd naye yalimkuta yayo hayo: Greenacres, jumba lake la vyumba 44, zamani lilihesabiwa katika Benedict Canyon Drive, na leo liko kwenye barabara iliyochukua jina la jumba lenyewe.

Anwani hubadilika, waigizaji walibadili majina, na nyumba za mbao ziliwahi kuinuliwa nzima na kupelekwa mtaa mwingine. Kisichohama ni kiwanja. Kwa hiyo kazi yote ya mtafutaji ina sehemu mbili: kumfuata mwigizaji katika karatasi mpaka kiwanja kijulikane, kisha kukifuata kiwanja hicho kutoka wakati wake hadi leo. Wengi huishia katikati. Hupata anwani kwenye jarida la zamani, huiandika kwenye ramani ya simu, hupiga picha nyumba inayotokea, na picha hiyo huanza kusambaa ikiwa na jina la mtu ambaye hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja.

Mwongozo huu unahusu hasa Los Angeles na miji inayopakana nayo, kwa sababu huko ndiko waigizaji wengi wa Marekani walikoishi kuanzia miaka ya 1910 hadi sauti ilipoingia kwenye sinema baada ya 1927. Karatasi nyingi ninazozitaja zinasomeka bure kwenye intaneti, kwa hiyo aliyeko Mombasa au Minneapolis anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii bila kusafiri.

Kabla ya kuanza

Jiulize kwanza mwigizaji wako alikuwa wapi katika mwaka unaoutafuta. Kabla Hollywood haijawa makao makuu ya sinema, kampuni nyingi zilifanya kazi New York na Fort Lee, New Jersey, na nyingine zilikwenda Jacksonville, Florida, kukwepa baridi. Kampuni ya Essanay ilikuwa na studio Niles, kaskazini mwa California, ambako Charlie Chaplin alifanya kazi kwa muda mfupi mwanzoni mwa 1915, na baadhi ya nyumba ndogo ambazo kampuni hiyo iliwajengea watu wake bado zimesimama. Chaplin huyohuyo, kabla ya Marekani, aliishi kwenye ghorofa za Glenshaw Mansions, Brixton Road, London, ambako leo kuna kibao cha kumbukumbu ukutani. Hata Kenya ina mahali pake katika ramani hii: Martin na Osa Johnson, waliopiga filamu bubu za safari na kuonekana ndani yake, walifanya maskani yao Lake Paradise, Marsabit, kati ya 1924 na 1927.

Kisha andaa jedwali, kwenye daftari au kwenye kompyuta, lenye safu tano: tarehe ya karatasi, anwani kama ilivyoandikwa bila kusahihishwa, jina la karatasi yenyewe, aliyetoa taarifa, na kama mwigizaji alikuwa mwenye nyumba, mpangaji au mgeni wa hoteli. Safu ya nne ndiyo inayopuuzwa mara nyingi na ndiyo yenye thamani kubwa. Anwani aliyoitoa mwigizaji mwenyewe chini ya kiapo haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na anwani iliyotolewa na ofisi ya matangazo ya studio.

Hatua ya kwanza: jina halisi na watu wa nyumbani

Serikali haikuwahesabu watu kwa majina ya jukwaani. Mary Pickford alizaliwa Toronto kwa jina la Gladys Smith. Theda Bara alikuwa Theodosia Goodman. Rudolph Valentino alikuwa Rodolfo Guglielmi. Ramon Novarro alitoka katika ukoo wa Samaniego wa Durango, Meksiko. Andika majina yote, pamoja na jinsi mwandishi asiyelijua jina geni angeweza kuliandika kwa kulisikia tu. Guglielmi katika kalamu ya karani wa California huweza kuwa neno lolote, na aliyetengeneza faharasa ya kompyuta miaka 80 baadaye huongeza kosa juu ya kosa. Unapotafuta, punguza herufi: tafuta kwa jina la kwanza, umri na nchi ya kuzaliwa, kisha soma orodha kwa macho yako.

Waigizaji wa wakati ule, hasa wanawake vijana, mara nyingi waliishi na mama, dada na kaka. Nyumba ya Mary Pickford huenda ukaipata kwa jina la mama yake, Charlotte, au la wadogo zake Lottie na Jack, ambao nao walikuwa waigizaji. Dada watatu wa Talmadge, Norma, Constance na Natalie, wanapaswa kutafutwa pamoja na mama yao, na Natalie atafutwe pia kwa jina la mume, kwa kuwa aliolewa na Buster Keaton mwaka 1921. Lile jumba la Kiitalia liliangukia mikononi mwa Natalie walipoachana mwaka 1932. Anayefuatilia jina la Keaton peke yake atapoteza njia hapo.

Hatua ya pili: sensa

Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka 10, na majina ya watu hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Zinazotufaa zaidi ni za 1910, 1920, 1930 na 1940. Ya 1950, iliyofunguliwa mwezi Aprili 2022, inasaidia kwa waigizaji waliostaafu. Zote zinasomeka kwenye tovuti ya FamilySearch kwa kufungua akaunti isiyo na malipo.

Ukiipata karatasi ya 1920, usikimbilie kwenye jina. Tazama ukingo wa kushoto: jina la mtaa limeandikwa kwa wima, kutoka chini kwenda juu, mara moja tu kwa kundi zima la nyumba, na karani anapokunja kona huandika mtaa mpya katikati ya ukurasa. Kando yake kuna nambari ya nyumba, kisha namba mbili za mpangilio wa karani, ambazo wengi huzidhania kuwa ni nambari za nyumba. Nambari ya nyumba ni ile iliyo karibu zaidi na jina la mtaa. Baada ya jina la mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya utaona kama nyumba ni yake au ya kupanga. Karatasi ya 1930 inaongeza thamani ya nyumba au kodi ya mwezi, na hata kama kaya ilikuwa na redio.

Soma pia majirani, juu na chini ya ukurasa, na kurasa mbili kabla na baada. Majirani wakijulikana, huweza kusaidia kupata mahali nambari ya nyumba isiposomeka. Na kama jina halipatikani kabisa lakini unakisia mtaa, geuza utafutaji: tovuti ya Steve Morse ina zana za kukuonyesha eneo la kuhesabia watu kwa kuingiza jina la mtaa, na ukilijua eneo hilo utapitia picha za karatasi zake moja baada ya nyingine. Ni kazi ya jioni nzima, na mara nyingi ndiyo inayoleta jibu.

Sensa ya 1920 ilihesabu hali ya tarehe 1 Januari, na ya 1930 hali ya tarehe 1 Aprili. Mwigizaji aliyekuwa safarini siku hizo huenda hayumo, au yumo hotelini. Kukosekana kwake si ushahidi kwamba hakuwa na nyumba.

Hatua ya tatu: karatasi za kati ya sensa na sensa

Miaka 10 ni mingi katika maisha ya watu waliohama kila mkataba ulipokwisha. Mwanya huo huzibwa na karatasi nne.

Ya kwanza ni kitabu cha anwani cha jiji, kilichotolewa karibu kila mwaka na kupanga wakazi kwa herufi pamoja na kazi zao. Maktaba ya Umma ya Los Angeles imeviweka vitabu hivi kwenye tovuti yake, pamoja na vitabu vya simu vya zamani. Kumbuka kwamba taarifa zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo kitabu cha 1918 kinaweza kuwa kinaeleza maisha ya 1917. Ukikuta kazi imeandikwa kwa kifupisho, fungua kurasa za mwanzo, ambako vifupisho vyote vimefafanuliwa. Katika miaka ambayo kitabu kina sehemu iliyopangwa kwa mitaa badala ya majina, itumie kujua nani aliishi katika nyumba hiyohiyo kabla na baada ya mtu wako.

Ya pili ni daftari la wapiga kura la California. Wanawake wa jimbo hilo walipata haki ya kura mwaka 1911, karibu miaka kumi kabla ya haki hiyo kuingizwa katika katiba ya nchi nzima, kwa hiyo waigizaji wa kike wamo humo mapema, wakiwa na anwani, kazi na chama. Binafsi naliamini daftari hili kuliko kitabu cha anwani, kwa kuwa mpiga kura alijiandikisha mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba raia wa kigeni, kama Chaplin, hawamo.

Ya tatu ni kadi za kujiandikisha jeshini za 1917 na 1918. Wanaume walijiandikisha tarehe 5 Juni 1917, 5 Juni 1918 na 12 Septemba 1918, na hata wasio raia walitakiwa kufanya hivyo. Kadi ina anwani ya nyumbani, mwajiri, mahali pa kazi na sahihi ya mhusika. Hakuna karatasi nyingine ya wakati ule inayounganisha mtu, studio na nyumba kwa ukaribu huo katika siku moja inayojulikana.

Ya nne ni ya wenye fani wenyewe. Kati ya 1916 na 1921 kulitolewa kitabu cha mwaka cha watu wa studio, Motion Picture Studio Directory, ambamo mwigizaji alieleza kimo chake, uzito, rangi ya nywele na macho, kampuni alizofanyia kazi, na mwishoni kabisa anwani ya nyumbani. Kitabu hiki na maelfu ya kurasa za magazeti ya biashara ya filamu vimo katika Media History Digital Library, na hutafutwa kwa mtambo wake uitwao Lantern. Angalia kama anwani iliyotolewa ni ya nyumba kweli. Wengi waliandika studio, wakala wao au klabu. Na wakati mwingine klabu ndiyo ilikuwa nyumba, kama ilivyokuwa kwa Chaplin, aliyeishi kwa muda katika Los Angeles Athletic Club katikati ya jiji wakati tayari ni mmoja wa watu maarufu zaidi duniani.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo miongozo mingi ya Hollywood hulipita. Hati za viwanja vingi vya miaka ya 1920 zilikuwa na masharti yaliyokataza kuwauzia au kuwapangisha watu weusi, na katika hati nyingi Waasia pia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 tu kwamba mahakama hazina ruhusa ya kutekeleza masharti hayo. Kwa hiyo anayemtafuta Noble Johnson, mwigizaji mweusi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company mwaka 1916, asianzie milima ya Beverly Hills. Aanzie mitaa iliyozunguka Central Avenue, gazeti la California Eagle lililoandika maisha ya watu weusi wa jiji hilo wiki baada ya wiki, na mkusanyiko wa karatasi za ndugu yake, George P. Johnson, uliohifadhiwa katika chuo kikuu cha UCLA. Historia ya nyumba za waigizaji isiyo na mitaa hii ni nusu ya historia.

Hatua ya nne: magazeti na kadi za posta, kwa tahadhari

Photoplay na majarida mengine ya mashabiki yalijaa picha za waigizaji wakiwa kwenye vibaraza vyao. Baadhi ya picha hizo ni za kweli. Nyingine zilipigwa kwenye nyumba ya rafiki, au ya tajiri aliyekubali kuiazima kwa studio. Kadi za posta zenye nyumba za nyota zilichapishwa tena na tena baada ya nyota kuhama, na ramani zilizouzwa kwa watalii kando ya barabara zilirudia makosa ya ramani zilizotangulia. Vyote hivi vitumie kama dokezo, si kama ushahidi.

Magazeti ya kila siku ni bora zaidi, hasa habari ndogo: wizi, moto mdogo jikoni, talaka, mpishi aliyeshtaki mwajiri wake kwa mshahara. Mwandishi wa habari za polisi hakuwa na sababu ya kupamba anwani. Tovuti za magazeti ya zamani za California Digital Newspaper Collection na Chronicling America ni bure. Tafuta kwa anwani badala ya jina: andika nambari na mtaa ndani ya alama za nukuu, na utashangaa kuona matangazo ya kuuza samani, kutafuta yaya au kupangisha gereji kutoka nyumba hiyohiyo.

Hatua ya tano: kutoka anwani hadi kiwanja

Sasa una anwani, tuseme ya 1919. Usiiamini mpaka ujibu maswali matatu: je, mtaa huo bado unaitwa hivyo, je, nambari hazikubadilishwa, na je, ulikuwa ndani ya mji gani?

Mitaa ya Los Angeles imebadilishwa majina kwa wingi. Prospect Avenue ikawa Hollywood Boulevard wakati Hollywood ilipojiunga na jiji la Los Angeles mwaka 1910. Tenth Street ikawa Olympic Boulevard kwa heshima ya michezo ya Olimpiki ya 1932. Allesandro Street, ambako Mack Sennett, mtayarishaji wa filamu za vichekesho, alikuwa na studio yake na waigizaji wake wengi walipanga vyumba karibu, ni Glendale Boulevard ya leo. Mtaa mmoja ukiunganishwa na mwingine, nambari zote hupangwa upya, na nyumba iliyokuwa ya tatu kutoka kona huonekana kama imeruka mitaa miwili.

Swali la mji ni zito kuliko linavyoonekana. Beverly Hills ni mji unaojitegemea tangu 1914, Santa Monica na Culver City nayo ni miji inayojitegemea, na West Hollywood ilikuwa chini ya kaunti hadi 1984. Kila utawala una makabati yake. Falcon Lair, jumba la Valentino kwenye Bella Drive, lilikuwa na anwani ya posta ya Beverly Hills, lakini kiutawala liko ndani ya jiji la Los Angeles, na anayeomba vibali vyake Beverly Hills atarudi mikono mitupu.

Ukishaujua mji, tafuta kibali cha ujenzi. Idara ya Majengo na Usalama ya Los Angeles imeweka kwenye tovuti yake picha za vibali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na unaweza kutafuta kwa anwani. Kibali cha kawaida cha miaka ya 1920 ni fomu iliyojazwa kwa mkono au kwa taipureta. Juu kabisa kuna maelezo ya kiwanja: jina au namba ya eneo lililopimwa, namba ya kitalu na namba ya kiwanja. Chini yake kuna anwani, jina la mwenye mali, msanifu, mkandarasi, idadi ya vyumba na gharama iliyokadiriwa. Nakili mstari ule wa kwanza neno kwa neno kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndio utakaokupitisha salama kwenye kila mabadiliko ya majina na nambari. Ukikuta kibali cha kubomoa au cha kuhamisha nyumba, soma sehemu inayotaja kiwanja kipya; nyumba yako huenda imesimama mahali pengine kabisa.

Usitarajie kuona jina la mwigizaji kwenye kila kibali. Nyumba maarufu ya Ramon Novarro, iliyosanifiwa na Lloyd Wright mwaka 1928, ilijengwa kwa ajili ya Louis Samuel, meneja wake, na Novarro aliichukua baada ya kugundua kwamba meneja huyo alikuwa akitumia fedha zake. Wengine walinunua kwa jina la mama, la wakili au la kampuni. Kwa umiliki halisi, nenda kwenye hati: ofisi ya Msajili wa Kaunti ya Los Angeles, iliyoko Norwalk, inatunza faharasa za waliouza na walionunua ardhi. Ofisi ya Mthamini wa kaunti nayo ina ramani za viwanja vya leo zinazotaja eneo, kitalu na kiwanja kwa maneno yaleyale ya zamani. Hapo ndipo 1919 na leo hukutana.

Baada ya hati, fungua ramani za bima ya moto za Sanborn, ambazo nyingi zimo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Zilichorwa kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, na kila jengo lina umbo lake: rangi ya njano ni mbao, ya waridi ni matofali, ya samawati ni mawe, herufi D ni nyumba ya kuishi, A ni banda la gari, na tarakimu kwenye kona ni idadi ya ghorofa. Nambari za nyumba ziko upande wa barabara. Lakini kagua tarehe kwa makini. Kampuni haikuchapisha ramani mpya kila mara. Ilituma vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya ramani ya zamani, na ramani yenye mwaka 1919 kwenye jalada inaweza kuwa na mabandiko ya 1950. Ukitazama picha yenye rangi utaona kingo za vipande hivyo, wakati mwingine kimoja juu ya kingine. Kwa uthabitisho wa ziada kuna atlasi ya viwanja ya Baist ya 1921, inayoonyesha kitalu na kiwanja cha sehemu kubwa ya jiji.

Hatua ya sita: kuthibitisha kwa picha

Karatasi zikikubaliana, linganisha picha ya zamani na jengo lililopo. Usilinganishe rangi, milango wala bustani, kwa sababu hivyo hubadilishwa na kila mmiliki. Linganisha vitu ambavyo ni ghali kubadilisha: mteremko wa paa, mahali pa bomba la moshi, idadi na nafasi za madirisha ya ghorofa ya juu, ngazi za mawe, ukuta wa kushikilia mlima. Nyuma ya nyumba, mstari wa vilima ni shahidi mzuri sana, kwa kuwa vilima vya Hollywood havijabadilika umbo kiasi cha kudanganya.

Pale miti inapoziba kila kitu, tumia picha za angani. Mkusanyiko wa Fairchild uko chuo kikuu cha Santa Barbara, na unatafutwa kwa ramani. Wa Spence uko UCLA. Picha ya miaka ya 1920 iliyopigwa kutoka ndegeni huonyesha nyumba chache katikati ya mashamba matupu, na hilo hurahisisha mno kujua ipi ni ipi. Kwa picha za studio na mafaili ya magazeti yaliyokatwa, maktaba ya Margaret Herrick, iliyoko La Cienega katika jengo la zamani la mitambo ya maji ya Beverly Hills, hupokea watafiti kwa kufuata utaratibu wa kujiandikisha.

Nyumba moja huweza kukupa zaidi ya mtu mmoja. Katika West Adams Boulevard kuna jumba ambalo Theda Bara aliishi kabla Roscoe Arbuckle hajalichukua. Aliyelifikia kwa kumfuata Bara tayari ameshika nusu ya utafiti wa Arbuckle.

Hatua ya saba: nyumba isiyokuwapo, na nyumba yenye watu

Jiandae kukuta pengo. Nyumba ya Valentino ya Whitley Heights, alikoishi alipokuwa akipanda katika umaarufu, ilibomolewa kupisha barabara kuu ya Hollywood Freeway. Falcon Lair, ambalo watalii hulitaja zaidi, alilinunua mwaka 1925 na akafariki Agosti 1926, kwa hiyo hakulikalia hata miaka miwili. Jumba hilo nalo lilibomolewa mwaka 2006. Nyumba ya Alla Nazimova kwenye Sunset Boulevard iligeuzwa kuwa hoteli mwaka 1927, na hoteli ikabomolewa mwaka 1959. Pickfair, alikoishi Mary Pickford hadi kifo chake mwaka 1979, ilibomolewa mwaka 1990. Shamba la Will Rogers huko Pacific Palisades, lililokuwa hifadhi ya jimbo na kufunguliwa kwa umma kwa miongo mingi, nyumba yake iliungua katika moto wa Januari 2025.

Kiwanja kitupu bado ni ugunduzi. Piga picha ya mahali penyewe pamoja na kitu kilichopo pia kwenye picha ya zamani, kama ngazi, mti mkubwa au kona ya barabara, na uandike tarehe ya kubomolewa kutoka kwenye kibali.

Nyumba iliyopo ina wenyewe. Simama kwenye njia ya waenda kwa miguu, usipige hodi, usirushe droni, usipige picha za watoto, magari wala madirisha yaliyo wazi. Ukitaka kuingia ndani, andika barua ya posta kwa adabu, ueleze unachokifahamu kuhusu nyumba hiyo na uambatanishe nakala ya kibali; wakazi wengi hawajawahi kukiona. Wasipojibu, jibu ni hapana. Ninapochapisha matokeo siandiki nambari ya nyumba inayokaliwa isipokuwa kama nyumba imeorodheshwa rasmi kuwa ya kihistoria, na ninawasihi wengine wafanye hivyo.

Kwa anayetaka kukanyaga sakafu bila kumsumbua mtu, zipo nyumba zilizo wazi. William S. Hart, aliyefariki mwaka 1946, aliachia Kaunti ya Los Angeles jumba lake la Newhall, na sasa ni makumbusho. Kwenye ufuo wa Santa Monica, nyumba ya wageni na bwawa la kuogelea vilivyobaki kutoka kwenye majengo ya Marion Davies ni sehemu ya kituo cha umma kilichofunguliwa mwaka 2009. Na Chaplin, aliyemalizia maisha yake Uswisi, ana makumbusho katika jumba lake la Corsier-sur-Vevey tangu 2016.

Kuyaandika matokeo

Andika kwa kutenganisha unachokijua na unachokikisia. Sentensi nzuri inataja karatasi, tarehe na hali ya ukaaji: kwamba daftari la wapiga kura la mwaka fulani linamweka mtu huyu kwenye nambari fulani, kwamba kibali kinaonyesha nambari hiyo ilikuwa kiwanja fulani, na kwamba kiwanja hicho leo kina jengo fulani. Pale karatasi mbili zinapogongana, ziweke zote mbili mbele ya msomaji. Hifadhi picha za kila karatasi kwenye kompyuta yako pamoja na tarehe uliyoipakua, kwa sababu tovuti hufungwa na viungo hufa. Nakala ya kazi iliyokamilika mpelekee mwenye nyumba, maktaba ya umma ya jiji na shirika la Hollywood Heritage, ambalo linatunza ile ghala ambamo watengenezaji filamu Cecil B. DeMille na Jesse Lasky walianzia kazi yao ya Hollywood.